Manette ya Pili

Samedi, tarehe 6 mwezi wa tisa

Leo nilifungua armoire ya Hugues. Nilijiambia natafuta drap ya kitanda. Bongo, ni uongo! Hapa naandika paka tu kwa mimi mwenyewe, nisijidanganye: nilitaka kunusa manguo ya bwana yangu.

Harufu imeisha. Imebaki paka ya naphtaline, dawa ya nondo.

Pa chini kabisa, nyuma ya viatu ya mariage, nikakuta Play yake, mashini ya michezo ya televizyo. Aliifunga ndani ya chemise ya zamani, na manette zake mbili za kuchezea juu, kama vile mutu anafunika mutoto. Alienda Kinshasa mbele ya Pasaka na valise moja — mission ingine ya kazi, alisema, ya wiki mbili. Pasaka ikapita. Jua ikapita, mvua imerudi. Haandike. Haite. Batu ya kazi yake njo banasema pembeni kama iko na mwanamuke kule. Ye mwenyewe hajaniambia neno.

Miaka yote niliona hii Play paka nyuma ya mugongo ya batu. Hugues na barafiki yake banakaa pa salon, banapiga kelele, mi naleta karanga, naondosha chupa. Hakuna hata moja alijua kama bibi ya Hugues anaweza kubapiga bote. Mimi, Katungu! Wakati tulikuwa batoto, yaya Sylvain, kaka yangu, alikuwa na kachumba ka michezo ya televizyo nyuma ya magazin ya papa yetu, hapa Kisangani, mu Makiso. Bavijana banatoka Mangobo, banatoka Tshopo, banakuya kupigwa mupira na kasichana ka Banande kenye hakajaota maziwa. Kisha nikaolewa. Hugues akasema bibi ya mutu hakamatake manette, barafiki batamucheka. Nikaacha. Hata haikuniuma. Nilimupenda.

Courant ya umeme ilikuya mangaribi. Nikabranche Play, nikangoja. Televizyo ikaandika: BIENVENUE, HUGUES. Karibu, Hugues.

Nikazima.

Dimanche, tarehe 7

Misa ya kwanza. Kisha lituma ya ndizi na samaki. Nikapeleka sahani ya papa Édouard mu chumba yake, kama kila siku.

Papa Édouard ni papa ya Hugues. Alikuya kukaa na sisi wakati bibi yake alikufa kule Yanonge. Maisha yake yote aliendesha baleinière, mashua kubwa ya muto, Kisangani mpaka Basoko, na kurudi. Sasa iko mu chumba moja ya Kabondo, anaangalia ukuta.

Ye ni bokilo yangu, na mi bokilo yake, na kwao bokilo ni heshima kubwa. Hamukule meza moja. Hamukae karibu. Wakati Hugues alikuwa hapa haikuwa ngumu: ye iko katikati, anacheka, anatuma maneno huku na huku. Sasa katikati hakuna mutu. "Mbote, papa." "Mbote, bokilo." "Chakula iko." "Merci." Basi! Siku muzima ni ile. Bote bawili tumeachwa na mutu moja, na hakuna namna ya kuisema.

Mangaribi nikafungua Play tena. Nikajiandika KATUNGU, pembeni ya jina yake. Ya kwake sikufuta. Mukono ilikataa.

Disque ni moja tu aliacha, ya mupira. Mashini ikanipiga tano kwa sifuri! Vidole imesahau yote. Natafuta bouton ya kupiga goli, napasia adui mupira. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaona niko nalia, na mupira inaendelea, na mutangazaji anapiga kelele ya furaha mu Français.

Mercredi, tarehe 10

Kutoka ku kazi, ku dépôt ya dawa, sikurudi nyumba. Nikapanda toleka ya baiskeli, nikamwambia mwenye kuendesha: marché central. Banasema ku ile soko kuko Clovis, anauzisha disques ya michezo nyuma ya benye viatu.

Clovis ni mwanaume ya miaka yangu, munene, na lunettes pa macho. Meza yake iko na karton mbili.

— Mama, unatafuta ya mutoto yako? Iko na miaka ngapi?

Kila mutu anaulizaka vile, hajue anagusa wapi. Miaka tisa ya ndoa, hakuna mutoto.

— Hapana. Ni yangu.

Hakucheka. Juu ya ile peke yake ningenunua meza muzima.

— Alors, unaanza ao unarudia?

— Narudia.

— Ah. Benye kurudia njo bagumu, akasema. Banataka ile ya zamani. Nabaonyesha ile ya zamani, banasema hapana, haikukuwa vile.

Akanieleza: hii karton ni michezo ya mutu moja, hii ingine ya batu bawili. "Uko na mwenye kucheza naye?" Nikasema bwana yangu iko Kinshasa. "Bon. Ya mutu moja." Akasukuma karton mbele yangu. Nikaanza kutafuta mule na mikono mbili, kama mutu anachagua nyanya. Ya mutu moja.

Nikakamata ya motokari. Akaongeza ingine ya vita, akasema hii kila mutu anapenda.

Samedi, tarehe 13

Motokari! Ni barabara ya mulima, mvua, usiku mu televizyo. Mara nagonga jiwe, mara naanguka mu bonde. Lakini mikono inaanza kukumbuka. Sijui namna ya kusema hii: kuko dakika fulani kichwa inakuwa tupu. Hakuna Kinshasa. Kuko paka kona yenye inakuya.

Nilikuwa vile wakati sauti ikatoka nyuma yangu:

— Unageuza mbio sana.

Papa Édouard, amesimama pa mulango ya couloir. Nikaruka! Nikashusha pagne ya kitenge pa magoti, nikataka kuzima. Akainua mukono: hapana, acha.

— Usiangalie mbele ya mutumbwi. Angalia fasi unakwenda.

Alisema mutumbwi, si motokari. Hakujisikia. Nikafanya vile alisema, nikapita kona. Nikapita ya pili. Nikakuwa wa tatu — tangu nimeanza nilikuwaka wa mwisho tu.

Kugeuka, hayuko tena. Niliona paka pazia inatikisika.

Dimanche, tarehe 14

Nilifikiri asubui yote pa misa. Bokilo na manette. Mama yangu kule Butembo angesema nini? Batu ya kwao bangesema nini?

Saa ya courant nikaweka viti mbili mbele ya televizyo, na kati yao ya tatu, nikatia juu sahani ya mikaté. Manette ya pili nikaitia pa kiti yake. Kisha nikaenda kugonga mulango ya chumba.

— Papa, barabara inanishinda.

Alikaa ndani wakati murefu. Nilikuwa nimesha kupata haya, naenda kuondosha viti, wakati alitoka. Alivaa chemise ya kwenda kanisa.

Lo! Ye mwenyewe hajue kitu! Yote alinifundisha jana pa mulango, leo mu mikono yake hakuna. Anakamata manette kama samaki muzima, anaiinua juu, anaikunja, anageuka mwili muzima pamoja na motokari. Aliingia mu mulima mara kumi. Kila mara anasema polepole, na heshima: "Pardon." Anaomba motokari pardon.

Nikauma mudomo ili nisicheke mbele ya bokilo. Tulikula mikaté yote.

Jeudi, tarehe 18

Siku hizi anatoka mwenyewe. Nasikia mulango, nasikia kikohozi — ile kikohozi ya kusema niko nakuya. Anauliza: "Leo inaendeshwa?" Sahani ya mikaté hatuitie tena. Lakini kiti ya katikati iko paka pale.

Leo nilifanya ujinga. Motokari ilituchosha, nikasema tujaribu ile ingine, ya vita, Clovis alisema ni muzuri. Sikufikiri. Mi nilikuwa Butembo mwaka ya vita ya hapa, tulikimbia mbele. Nikaitia. Sauti ilikuwa mukubwa. Bombe ya kwanza ikaanguka mu televizyo.

Papa Édouard alitia manette chini, polepole, kama ni yai. Akainama. Mikono yake pa masikio. Nilizima mbio, nikaita papa, papa. Akaniangalia kama hanijue. Kisha akaenda mu chumba yake, anagusa ukuta na mukono.

Chakula hakukula. Ile disque nimeivunja na jiwe mu lupango ya nyumba.

Vendredi, tarehe 19

Alitoka asubui, mbele niende ku kazi. Akakaa pa kiti yake, televizyo imezima. Akasema bila kuniangalia:

— Ile vita ya siku sita, Hugues alikuwa kadogo. Tulikuwa Tshopo. Baaskari ya inchi mbili banapigana juu ya muji yenye si ya bao. Mama yake alikuwa Yanonge, ku musiba. Nilikuwa paka na mutoto. Nilimutia chini ya kitanda, kisha nikaona haitoshi, nikalala juu yake. Nilimufunika na mwili yangu. Siku zote zile. Anakojoa juu yangu, mi namukojolea. Nilisikia roho yake inapiga hapa, pa tumbo yangu.

Mi nilikuwa na sac mu mukono, nimesimama.

— Bokilo, mutoto mwenye umefunika vile… Namna gani anaweza kuacha mutu?

Hakuuliza juu ya maumivu yake. Aliuliza juu ya yangu. Nilitaka kumwambia papa, alikuacha na wewe. Nikakaa chini. Nilichelewa ku kazi na sijali.

Samedi, tarehe 20

Hakuna courant. Mvua. Tulikaa paka pa salon, mbele ya televizyo nyeusi, hatuna kazi ya kufanya pale. Hakuna alienda mu chumba yake.

Lundi, tarehe 22

Nilimupeleka kwa Clovis! Ye mwenyewe alisema: "Fasi banachagua michezo, ni mbali?" Toleka mbili, moja mbele, moja nyuma. Alisalimia batu mu njia kama ministre.

Clovis akauliza kama kawaida: "Leo ni ya mutu moja ao ya batu bawili?"

— Bawili, papa akajibu mbele yangu.

Nikageuka kuangalia viatu pa meza ya jirani. Viatu ya kitambo, nyekundu. Sijui hata zilikuwa zinafanana nini, macho ilikuwa imejaa machozi.

Alifungua disque moja moja, anasogeza mbali na macho. Hii hapana, kuko bunduki. Hii hapana, mutu iko uchi. Mupira? Hapana, Hugues njo anachezaka mupira. Clovis akatoa moja ya mapishi: batu bawili mu restaurant, baclient banalalamika, mumoja anakata, mumoja anapika. Papa akacheka. "Mi sijapika hata siku moja." Clovis akasema basi papa, ni wakati.

Vendredi, tarehe 26

Ningependa kuandika paka mwanzo ya hii siku. Mwanzo ilikuwa muzuri.

Tulikuwa tumefika fasi jikoni iko juu ya bateau, meli, meza inateleza huku na huku. Papa alikuwa anapika, mi nakata. Kiti ya katikati ilikuwa imesogezwa, sijue nani aliisogeza; papa alikuwa anataka kuona muzuri. Baclient banapiga kengele. "Bokilo! Nyanya! Nyanya!" "Papa, muchele inaungua!" "Iache iungue, leta nyanya!" Moto ikakamata, ye anakimbia na sahani, anaanguka mu maji na sahani — na akacheka. Papa Édouard! Kicheko yenye sijasikia tangu nimeingia mu hii familia. Na mi nikacheka, mukono pa bega yake, juu nilikuwa naanguka na kicheko.

— Édouard!

Tantine Marthe, dada yake mudogo, pa mulango, na kitunga ya kwanga ya muhogo pa kichwa. Alifika leo na mutumbwi ya moteur kutoka Yanonge. Hakuna mutu alisikia anagonga.

Nikatosha mukono pa bega. Nikasimama. Papa hakusimama.

Marthe akatua kitunga. Akaanza mu kilokele, kisha Lingala, kisha Swahili ili nisikie muzuri. Bokilo na bokilo, kiti na kiti? Bega na bega? Na jirani banasikia mpaka ku barabara! Nilimuletea kiti, hakukaa. Papa akasema na sauti ya chini: Marthe, tunapika. Ee, ile ilimuongezea hasira.

— Munapika! Huyu si bibi ya mutoto yako tena na unapika naye!

Nikasema: "Tantine, sijui kama mi si bibi yake. Hakuna mutu aliniambia."

Aliniangalia, na niliona hasira inamutoka na kitu ingine inaingia. Huruma. Nilipenda hasira kuliko ile.

— Katungu, mama. Hugues amezaa. Kule Kinshasa. Ni mwanaume.

Kisha, kwa papa:

— Amemupa jina yako.

Televizyo ilikuwa inaendelea. Baclient banapiga kengele, jikoni muzima inaungua. Hakuna mutu alizima.

Dimanche, tarehe 28

Siandike mingi. Marthe analala mu chumba ya bageni. Amesema yote sasa, polepole, anashika mukono yangu, si mwanamuke mubaya. Hugues ametuma ticket ya avion, ya ndege. Papa ataenda kukaa kule na mutoto. Mambo ya dot, ya mahari, familia batakuya kuongea na yaya Sylvain, na heshima. "Mutu gani atamupikia hapa, mama? Utaolewa tena. Hauwezi kubeba mzee ya batu."

Nilipigia Sylvain. Alisikiliza yote. Akasema: "Kamata vitu yako, kuya kwangu." Hakuuliza kama nataka.

Papa iko mu chumba yake. Mulango imefungwa.

Édouard. Ile jina nilikuwa nimelichagua mimi. Miaka yote. Kila mwezi nilingoja, nasema kama ni mwanaume, Édouard. Nilimwambia Hugues mu sikio. Mimi njo nilimwambia.

Jeudi, tarehe 2 mwezi wa kumi

Photo ya mutoto ilifika mu simu ya Marthe. Marthe alikuwa ku soko, aliacha simu. Papa akatoka nayo, anaikamata mbali, anaikamata karibu. Macho yake inakataa vitu vidogo. Akanikuta mu jikoni, na akasimama pale. Haya ilimujaa. Alitaka kurudi.

— Leta, papa.

Nikaifungua, nikaivuta na vidole mbili ili ikue mukubwa. Uso. Mukono. Sikio.

Nilijua kama itauma. Sikujua fasi itauma. Haikukuwa mutoto — mutoto ni mutoto, amelala, mudomo wazi. Ilikuwa uso ya papa Édouard. Ilifunguka. Kama vile mutu amefungua dirisha mu nyumba yenye ilifungwa zamani. Alisema, "Masikio ni ya mama ya Hugues. Ona. Ya marehemu." Na machozi inashuka, na anacheka, na mi niko namukamatia ile simu.

— Ni muzuri, papa, nikasema.

Na ni kweli. Ni muzuri sana.

Kisha akakumbuka ni mimi. Niliona anakumbuka. Dirisha ikafunga. Akasema, "Bokilo, nisamehe," na mi nikasema hakuna kitu ya kusamehe, papa, furahi, ni jina yako. Nikageuka kwa sufuria. Mboga ya pondu ilikuwa imeshika chini. Nililia juu ya pondu.

Samedi, tarehe 4

Avion ya papa ni mardi, bado siku tatu.

Nilienda kwa Clovis. Akauliza papa yangu iko wapi — alisema papa yangu, sikumusahihisha. Nikasema anaenda Kinshasa. Akaangalia meza yake kidogo, kisha hakuuliza karton gani. Alisogeza mwenyewe ile ya mutu moja.

Tulichagua muda murefu. Nilisema sitaki mapishi, sitaki mupira, sitaki kitu yenye inacheka. Akanipa moja murefu sana: mwanamuke anatembea peke yake mu inchi ya baridi, anatafuta njia, anapanda mawe, anawasha moto. "Hii itakukalisha miezi," akasema, kama vile ni dawa.

Nikaicheza mangaribi. Marthe anatwanga mboga mu lupango. Mikono yangu imerudi yote! Kama zamani, kama mu kachumba ka Sylvain. Kuko daraja ya barafu, batu bengi banafia pale, Clovis aliniambia. Nilipita mara ya kwanza. Nikashinda ile nyama ya muzimu yenye inangoja ngambo. Nikainuka na manette juu, nikageuka—

Kiti tupu.

Nikakaa. Televizyo inaniandikia pongezi.

Kisha, nyuma ya mulango ya chumba, sauti:

— Umeshinda?

— Nimeshinda, papa.

— Nilisikia.

Hakutoka. Juu ya dada yake, juu ya haya, sijui. Lakini hakuondoka pa mulango, niliona kivuli ya miguu yake pa chini. Nikaendelea kucheza, nikaongeza sauti kidogo.

Dimanche, tarehe 5

Niko mu jikoni, naandika pa meza, juu kama sina kitu mu mukono nitapiga ukuta.

Kutoka misa, Marthe alianza kupanga valise ya papa. Chemise, dawa ya presha, picha ya marehemu. Mi nilikunja suruali. Papa alikaa pa salon, anaangalia tunavyobeba maisha yake mu mikono. Kisha simu ya Marthe ikalia. Hugues. Marthe akatia haut-parleur ili papa asikie.

Nilikuwa sijasikia ile sauti tangu mbele ya Pasaka. Nikaacha suruali chini, nikaingia huku jikoni. Ukuta ni ya mbao. Nimesikia yote.

Hugues aliuliza kama valise iko tayari. Kama papa iko na veste, kule ndani ya avion iko baridi. Mutoto amekula, mutoto amelala, mutoto anamungojea. Sauti muzuri. Sauti ya mutu mwenye iko muzuri.

Marthe akasema yaya, sema.

— Hugues, papa akasema. Katungu iko hapa. Umesha kumwambia?

— Papa, ba famille bataongea na ba famille yake…

— Sikuuliza famille. Nimeuliza wewe.

Hugues akaanza: papa, ni compliqué, papa, hii si mambo ya simu, papa, kuya kwanza, tutaona. Marthe akasema acha mutoto. Papa akamunyamazisha. Sijasikia anamunyamazisha mutu hata siku moja.

— Mutoto yako iko na jina yangu. Nimefurahi, Mungu anajua, nataka kumukamata mbele ya kufa. Lakini hii mwanamuke anakaa na mimi mu nyumba kama mujane mwenye bwana yake hajakufa. Hakuna mutu alimwambia lia ao usilie. Wewe njo utamwambia. Na kinywa yako, si ya tantine, si ya famille. Kisha nitaona kama napanda ile avion.

Marthe akalia sasa, anasema ticket, anasema mutoto, anasema unataka kututia haya. Nilisikia kiti. Nilisikia viatu yake, polepole, anagusa ukuta. Aliingia hapa. Alikuwa na simu mu mikono mbili, anaibeba kama sahani yenye imejaa. Aliitia pa meza, pembeni ya hii karatasi.

Hajaniita kitu ingine tangu nimeolewa, ni bokilo, siku zote bokilo. Leo alisema:

— Mwana na ngai. Ni yako.

Mutoto yangu, alisema. Na hakutoka. Amesimama pa dirisha, mugongo kwangu, anaangalia mvua mu lupango. Marthe iko pa mulango, pagne pa mudomo. Na mi naandika, naandika tu, juu kama naacha kalamu itanibidi kufungua kinywa.

Simu inawaka. Dakika zinaongezeka pale juu. Namusikia anapumua. Nyuma yake kuko mutoto analia kidogo, kisha mutu anamubeba, kisha mbali.

— Allô? anasema Hugues.

Anasema:

— Allô, papa? Katungu? Allô?

Anafikiri réseau ya simu imekatika. Haikukatika.